Nani Alikwambia? Wito kwa Waandikao Nasaba za Koo Zao

Siku hizi karibu kila ukoo una kundi lake la WhatsApp, na karibu kila kundi limeshaletewa shajara, yaani mchoro wa nasaba. Inakuja kama picha, imechorwa vizuri, ina mistari na visanduku, na juu kabisa amekaa babu mmoja aliyetoka Shirazi, au Hadhramaut, au Kongo, akiwa na nduguze wawili. Jamaa wanashukuru, wanawaombea waliotangulia, kisha wanaisambaza. Kufikia Ijumaa imeshafika Muscat na Toronto. Katika kundi zima hakuna aliyemuuliza mchoraji majina yale aliyapata wapi.

Mimi nafurahi kwa kila kijana anayeketi kuandika habari za wazee wake. Wengi wetu tumewazika wazee pamoja na yote waliyoyajua, na kila mwaka tunaochelewa tunapoteza mengine. Kwa hiyo siandiki kumkatisha mtu tamaa. Naomba jambo moja tu: kila habari unayoiweka katika nasaba, iandike pamoja na sanad yake. Andika nani alikwambia, yeye aliipata kwa nani, na je, yule wa mwisho kabisa alishuhudia au alisikia tu.

Kanuni hii ni yetu ya siku nyingi. Waliosoma chuoni wanajua jinsi wanavyuoni wa hadithi walivyofanya kazi. Hawakuishia kwenye maneno. Waliwakagua wapokezi mmoja mmoja. Fulani alizaliwa lini, aliishi mji gani, kumbukumbu yake ilikuwaje, aliwahi kuonana na huyo anayedai kupokea kwake? Mnyororo ukikatika mahali, riwaya ilihesabiwa dhaifu hata kama maneno yake ni matamu. Tena walitofautisha iliyo dhaifu na iliyotungwa: dhaifu haikutupwa, iliwekwa mahali pake na ikajulikana hali yake. Huhitaji kuwa Mwislamu ili uitumie kanuni hiyo kwa habari za bibi yako.

Tuseme shangazi amekuhadithia. Badala ya kuandika kwenye kisanduku, "Bibi Mwanahawa, alizaliwa Kilwa Kivinje 1898," andika hivi katika daftari: "Amesema shangazi mkubwa, nyumbani kwake Temeke, mwezi wa Shaabani. Aliambiwa na mama yake kwamba Bibi Mwanahawa alikuwa msichana wa kuteka maji Vita vya Maji Maji vilipoanza. Mwaka 1898 ni makisio yangu." Maneno ni mengi na hayatapendeza kwenye picha, lakini atakayekuja baadaye ana kitu cha kupima. Vita vilianza Julai 1905. Msichana wa kuteka maji huenda alikuwa na miaka saba, huenda kumi na mbili. Basi alizaliwa kati ya 1893 na 1898, na siku ukipatikana ushahidi mwingine, mjukuu atajua ni kipi cha kusogeza na ni kipi cha kuacha. Ukiandika 1898 peke yake umemfungia mlango.

Hebu tuitazame nasaba mashuhuri kuliko zote za pwani yetu, ile ya masultani wa Kilwa. Imetufikia kwa njia mbili. Moja ni ya Mreno João de Barros, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1552 kwa kutumia habari zilizopatikana Kilwa yenyewe. Nyingine ni ya Kiarabu, ambayo nakala yake iliyopo London ilinakiliwa katika karne ya 19. Zote zinawataja watu wa Shirazi waliovuka bahari na kuanzisha utawala. Lakini Barros anasema kwamba Ali, aliyekuja Kilwa, alikuwa mtoto wa mjakazi wa Kihabeshi na nduguze walimdharau. Ile ya Kiarabu inaieleza safari kwa ndoto: mfalme alimwona panya mwenye mdomo wa chuma akibomoa kuta za mji, akajua nchi yake itaharibika.

Mtu atasema, hawa ni mashahidi wawili, na wote wanataja Shirazi, basi yamekwisha. Bado. Yawezekana wote wawili wamepokea kutoka baraza moja la watu wa Kilwa, na baraza hilo lilikuwa na sababu ya kupenda ukoo wa kifalme uonekane umetoka mbali. Mashahidi wawili waliopokea kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa shajara iliyopita katika makundi ishirini ya WhatsApp. Imerudiwa mara ishirini. Chimbuko lake ni lile lile.

Kilichosaidia Kilwa ni ushahidi uliotoka kwingine kabisa. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani, Ali bin al-Hasan, anayedhaniwa kuwa ndiye yule Ali wa nasaba, akiwa miongoni mwao. Pamoja nazo zilikuwapo dinari za dhahabu za Fatimiya ambazo miaka yake inajulikana. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alikuwa amekadiria kwamba ukoo huo wa Kishirazi ulianza kutawala Kilwa karibu na mwaka 1200. Sarafu za Mtambwe zilimrudisha Ali nyuma hadi karne ya 11. Aliyezifua sarafu zile hakuwa anabishana na mtu juu ya nasaba, na ndiyo maana ushahidi wake una uzito.

Kisha mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa miaka mingi iliyopita katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa, na mji mmoja wa bara. Miongoni mwa watafiti alikuwamo Chapurukha Kusimba, mtaalamu wa mambo ya kale aliyezaliwa Kenya. Walikuta kwamba kufikia karibu mwaka 1000 watu wa Afrika na watu wa Asia walikuwa wameshaanza kuoana huku pwani. Kwa upande wa kiumeni, asili nyingi ilitoka Asia, na mwanzoni hasa Uajemi. Kwa upande wa kikeni karibu yote ni ya Kiafrika, na katika wengi wao sehemu iliyo kubwa zaidi ya asili nzima ni ya huku huku kwetu.

Nimekaa sana hapa kwa sababu kisa hiki kinatufundisha kukigawa kile tunachokipima. Swali la "hadithi ya Shirazi ni kweli au uongo" lilikuwa swali bovu. Ndani ya simulizi moja palikuwa na jambo lililobeba kweli kwa miaka elfu, palikuwa na ndoto ya panya, na palikuwa na mama wa Kiafrika aliyeachwa nje ya orodha ya masultani ingawa damu yake ndiyo iliyojaza miji. Kila kipande kina uzito wake. Wala usitoke hapo ukasema basi na shajara ya ukoo wetu imethibitika. Mifupa ya Mtwapa haijui jina la babu yako. Kutoka kwa watu wa zamani wa pwani hadi kwa babu yako kuna vizazi vingi, na kila kizazi kinahitaji mpokezi wake.

Sasa nije kwa wazee, maana ndio hazina yenyewe na ndio wanaoharibiwa na maswali yetu mabaya. Mwaka 1976 Mmarekani Mweusi Alex Haley alitoa kitabu Roots, akieleza jinsi alivyoufuata ukoo wake hadi kijiji cha Juffure, Gambia, ambako mzee Kebba Kanji Fofana alimsimulia habari za Kunta Kinte. Kitabu kile kiliwapa watu wengi sana moyo wa kutafuta walikotoka, na heri hiyo haifutiki. Lakini mwanahistoria Donald Wright, aliyekuwa amefanya utafiti mrefu Gambia, alichapisha mwaka 1981 hoja nzito: mzee yule hakuwa msimulizi aliyelelewa katika kazi hiyo, na wenyeji walikuwa wameshajua mapema mgeni anatafuta nini.

Hilo linatuhusu hasa sisi, kwa adabu tuliyolelewa nayo. Mjukuu ametoka Dar es Salaam, amesafiri usiku kucha, amemletea babu sukari na kanzu mpya. Anakaa, anafungua simu kurekodi, anasema: "Babu, ni kweli sisi asili yetu Yemen?" Mzee gani atamvunja moyo? Atasema, "Ndiyo, mwanangu, tulikuwa tukisikia hivyo." Na kijana anarudi mjini na "ushahidi" aliokwenda nao mwenyewe. Muulize, "Babu, baba yako alikuwa mtu wa wapi?" kisha nyamaza. Akisema hajui, andika kwamba hajui, kwa jina lake na tarehe. Hilo nalo ni jibu lenye thamani.

Waulize kinamama, na waulize peke yao. Barazani wanaume watakupa majina ya mababa mpaka ya saba. Ndani, bibi atakwambia nani alikuwa mke mkubwa, mtoto yupi alilelewa na nani, mahari ililipwa kwa nani, na kwa nini shamba lile likaenda kwa wajukuu wa upande mmoja. Mkunga aliyekuwapo wakati wa uzazi ni shahidi. Mjomba aliyesikia harusini ni mpokezi. Na usiwaweke wazee watatu kwenye mkeka mmoja ukadhani umepata kauli tatu, kwa kuwa mdogo atamwachia mkubwa aseme, naye ataitikia.

Uliza pia baba gani. Kwetu ndugu wa baba ni baba, na mtoto aliyelelewa na baba mdogo atamtaja kuwa baba bila kudanganya. Majina nayo yanarudi: mjukuu anapewa la babu yake, kwa hiyo kuna Ali bin Hassan bin Ali bin Hassan, na msimulizi akichoka kidogo vizazi viwili vinamezwa. Ukiona ukoo wa miaka mia tatu una majina matano tu, ujue kuna watu wamedondoka njiani.

Wengine wanadhani dawa ni karatasi. Karatasi nayo ina sanad. Chukua cheti cha ubatizo cha misheni ya zamani. Tarehe ya kubatizwa padri aliiandika akiwapo, maji yakiwa bado hayajakauka kichwani mwa mtoto. Tarehe ya kuzaliwa iliyo pembeni yake alitajiwa, au aliikisia kwa kumtazama mtoto. Mstari mmoja, mwandiko mmoja, na nusu yake ni imara, nusu yake ni dhaifu. Vitambulisho vya wazee wetu vimejaa tarehe 1 Januari, kwa kuwa karani alihitaji tarehe na mzee alikuwa na msimu wa mvua. Rekodi za shule ni za kutazamwa kwa makini zaidi. Watoto wengi waliandikishwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa kushika sikio la upande wa pili, na aliyeonekana amekua sana alipunguziwa miaka ili asikose nafasi. Miaka hiyo iliyopunguzwa akaenda nayo kazini mpaka kustaafu.

Zipo karatasi zenye nguvu ambazo watu wanazisahau. Hati za wakfu na mashauri ya makadhi yanawataja watoto na mama zao mbele ya mashahidi, kwa kuwa mali ilikuwa inagawanywa na kila mmoja alikuwa macho. Nyaraka za namna hiyo zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Kilimani, Zanzibar. Nairobi kuna hifadhi ya taifa pale Moi Avenue, na Dar es Salaam kuna ya Tanzania. Parokia za zamani zina vitabu vyao. Na usisahau juzuu na vitabu vya dua vya nyumbani, ambavyo kurasa zake za kwanza ziliandikwa kuzaliwa kwa watoto.

Lakini kila karatasi uulize iliandikwa kwa ajili gani, na nani angefaidika kwa jibu gani. Katika sensa ya Zanzibar ya mwaka 1924, waliojitaja kuwa Waswahili walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1931 wakabaki maelfu machache tu. Watu hawakufa wala hawakuhama. Walijitaja kwa majina mengine, wengi wakiwa Washirazi. Sikusudii kuwaita waongo. Waliishi chini ya serikali iliyogawa haki kwa kabila na asili, na mtu alijibu kwa namna ambayo watoto wake wangepata nafuu. Ila wewe unayekuta jina la kabila kwenye karatasi ya wakati ule, kumbuka kwamba ni jibu alilopewa karani wa serikali. Na leo mashauri ya ardhi yanafanya hivyo hivyo: kesi ya shamba ikiwa mahakamani, nasaba hurefuka upande mmoja na kukatwa upande wa pili.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ndio ulio mzito zaidi kwangu. Habari ambayo haimpi msimulizi faida wala fahari, isikilize kwa makini. Utumwa ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo si mambo ya kale sana. Ni ya bibi wa bibi zetu. Watu waliokombolewa walianzisha maisha Bagamoyo, Masasi, Rabai na Freretown, na wengine wengi walibaki mjini wakajipatia nisba ya nyumba walizozitumikia. Ukikuta bibi anayekwambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake aliletwa kutoka Nyasa akiwa mtoto, umepewa amana. Iandike kwa sanad kamili, na kabla ya kuisambaza muombe ruhusa yeye na wanawe. Naamini jina la mama huyo linastahili kisanduku chake juu ya karatasi sawa na la babu yeyote aliyekuja na jahazi, lakini siku ya kulitangaza waichague wao.

Na habari isipopatikana kwenye karatasi, usikimbilie kusema ni ya uongo. Familia nyingi za Kenya na Tanzania zinasema babu alichukuliwa kubeba mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza, ile Carrier Corps iliyozaa jina la Kariakoo, na hakurudi. Ukienda kutafuta jina lake huenda usilione. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe, kwa ripoti, kwamba waliofia vita hivyo wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ipo Dar es Salaam tangu 1927, na majina ya wapagazi hayapo juu yake. Hapo kauli ya bibi aliyesubiri mumewe mpaka akazeeka inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee utakaopatikana duniani. Iandike, na kando yake andika umetafuta wapi ukakosa.

Basi naomba mwanzie kwenye mkusanyiko ujao wa familia, uwe wa Idi, Krismasi, arobaini au harusi. Mmoja wenu awe na daftari. Chukueni shajara iliyo kwenye kundi, mteremke nayo jina kwa jina, na kila jina muulizane: hili tumelipata kwa nani? Lenye shahidi liandikwe shahidi wake. Lililosikika tu liandikwe kuwa limesikika. Lisilo na mtu wa kulisimamia lisifutwe, liwekewe alama, maana huenda binamu wa Lubumbashi au Tanga ana kipande kilichobaki. Msibishane mbele ya wazee ili mtu ashinde. Mkitofautiana, andikeni kauli zote mbili na majina ya waliozitoa, mrudi kula.

Na nyinyi mlio Oman, Uingereza, Kanada na kwingineko, ambao familia zenu ziliondoka na mabegi mawili, mna vitu ambavyo sisi huku hatuna: barua, pasi za zamani, hati za ndoa, picha za studio za Mji Mkongwe. Msitutumie majina yaliyochapwa upya. Pigeni picha karatasi yenyewe nzima, pamoja na mihuri na saini za mashahidi, na mseme imekaa kwa nani tangu lini. Picha za watu zigeuzeni mpige na upande wa nyuma, kwa kuwa huko ndiko wengi walikoandika jina, mji na mwaka.